Nyimbo Tisa za Samaki

Jua la Ijumaa lilikuwa limezama, na maharagwe ya wageni wa kesho yalikuwa bado mabichi. Sabato ikishaingia, nyumbani kwa Monari hakuna anayewasha jiko.

Kisa kilikuwa ubishi tu. Monari alishikilia kwamba kwa miaka ishirini hakuna kwaya iliyotunga mchezo wa nyimbo ukaushinda ule wa Nuhu, wa kwaya ya Rodi Kopany.

"Kwa sababu ya mbuzi wa kweli?" mkewe alicheka. "Mbuzi alikula pazia, Baba Dorine! Ule wa Yona, wa kwaya ya Karungu, ulikuwa na nyimbo tisa, na zote walitunga wenyewe."

"Nyimbo tisa za samaki."

"Hukuuona. Ngoja nikuonyeshe." Aliepua sufuria isije ikaungua, akalala sakafuni. "Wewe ndiwe samaki. Nimeze."

Monari alijitanda shuka, akamfunika nalo, akanguruma kama alivyoagizwa. Humo ndani mkewe aliimba zote tisa, jasho likimtiririka shingoni. Kufikia wimbo wa sita, samaki mwenyewe alikuwa anaitikia.

Walipofunua shuka, dirishani kulikuwa giza. Makaa yalikuwa yamegeuka majivu.

Mke alitazama sufuria. Monari alijipangusa uso.

"Haya, Mama Dorine," alisema. "Wa Yona umeshinda."

Kesho yake wanakwaya kumi na wawili wa Karungu walikula kwao ndizi thelathini na sita, mkate mmoja na maji.