Matundu Manne ya Bafuni

Saa mbili asubuhi, tundu la kwanza lilikuwa limeshajifunga. Zawena alipitisha kidole ukutani na kukuta zege zima, kana kwamba drili haikuwahi kuligusa. Nyumba zote za mtaa huo zilijengwa kwa zege linalojiponya, na hakuna aliyelalamikia nyufa tena. Lakini Zawena alihitaji matundu manne bafuni, ya kufungia chuma cha kushikilia. Mama yake, Bi Mashavu, alikuwa ameteleza mara mbili, na aliapa kwamba hataogeshwa tena kama kichanga.

Alitoboa upya, akapangusa tena vumbi kwa tambara lenye maji, akageuka kuchukua boliti. Aliporudi, tundu halikupitisha hata msumari.

"Ukuta umekushinda, mwanangu?" Bi Mashavu alicheka, ameketi kwenye kiti mlangoni. "Unaunywesha maji, halafu unashangaa unapona!"

Zawena alilitupa tambara. Vumbi laini la drili, likilowa, ndilo lililogeuka uji na kuziba, kwa hiyo akachukua tindo na nyundo. Alichonga polepole, akapuliza vipande kwa pampu ya baiskeli, na kupigilia kila boliti kupitia chuma kabla ya kuanza tundu jingine.

Bi Mashavu akakishika chuma, akakilalia kwa uzito wake wote. Hakikutikisika.

"Haya, toka nje nioge."

Zawena alitoka. Kupitia mlango alisikia maji yakimwagika na mama yake akiimba.

Baadaye aliingia kukausha sakafu. Vichwa vya boliti havikuonekana tena. Zege lililolowa maji ya kuoga lilikuwa limevifunika, na limeanza kukipanda chuma chenyewe, unene wa kidole.