Kikombe cha Nyumba

Tatu alikuwa akimsuka wifi yake Zamaradi uani, mara vidole vyake vikasita nyuma ya sikio.

"Wifi, tezi zimekuvimba! Hujanywea kikombe?"

"Nitanywa," alijibu Zamaradi.

Siku hizi kila nyumba ina kikombe chake. Ukikitia mdomoni kinasoma mate yako, kisha kinatangaza ugonjwa wako mbele ya wote, maana sheria haitaki mtu ajue siri ya mwili wake peke yake. Tezi hizo zilimfanya Zamaradi awaze Ukimwi, ingawa Ukimwi wenyewe haukumtisha sana. Dawa zipo, watu wanazeeka nazo. Alichokiogopa ni mama mkwe, aliyekaa pale akichambua mchele, na namna ambavyo angemtazama akimuuliza ameutoa wapi. Naye Zamaradi hakumjua mwanamume mwingine ila mumewe, Hemedi.

Jioni, wote wakiwa mkekani, alijikaza akanywa.

"Zamaradi," kikombe kilisema, "huna virusi vya Ukimwi. Una jino bovu."

Mama mkwe alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Tatu akapiga kigelegele. Zamaradi, machozi yakimlengalenga, alikijaza kikombe tena, akampa mumewe.

"Na wewe Baba Rehema, kunywa basi."

"Sina kiu," alisema Hemedi.

Lakini baada ya kula aliinuka, akaenda bombani, akakinga maji kwa viganja, akayagugumia. Zamaradi akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona akinywa kwa namna nyingine. Hakukumbuka.