Barua ya Mwalimu Shomari

Mara tatu Mwalimu Shomari alimwambia Tunu, "Njoo kesho." Msichana huyo wa kidato cha tatu alihitaji barua ya mwalimu ili kampuni moja ya akili bandia imchukue kujifunza kazi wakati wa likizo. Shomari aliona hiyo ni ndoto tu. Nafasi kama zile ni za watu wa chuo kikuu.

Asubuhi hiyo, akisahihisha mtihani, alikuta Tunu amekokotoa hesabu kwa njia ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifikiria. Aliweka kalamu nyekundu chini, akaandika barua ya ukurasa mzima, akamwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Barua yako hii."

Tunu aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante. Lakini walifunga maombi jana."

"Nitawapigia simu."

"Nimeshapiga, mwalimu. Nafasi zimejaa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Naweza kuisoma?"

Aliitikia kwa kichwa. Kengele ya kipindi ililia. Tunu alibaki amesimama dirishani akisoma polepole, na alipofika mwisho, alirudi mstari wa kwanza.