Jina Liliitwa Mara Tatu

Wachuuzi wa soko la chini walimtuma Shekue peke yake, kwa kuwa ukumbi wa baraza ulipokea msemaji mmoja tu. Alitakiwa asimame aseme neno moja: hatuhami. Desturi ya baraza ilijulikana mji mzima. Jina huitwa mara tatu, na asiyeitika huandikwa kuwa ameridhia.

Waheshimiwa walimkalisha kwenye benchi tangu asubuhi, kama walivyowahi kumkalisha baba yake enzi zake. Kwa uchovu akafungua mchezo kwenye simu. Kulikuwa na chura. Unamvuta chini kwa kidole kama jiwe la manati, ukimwachia anaruka juu, anashika ukingo wa ukuta, unamvuta tena. Ukuta haukuwa na mwisho. Shekue hakuwa amewahi kufika juu kiasi kile.

Mtu wa pembeni alimgusa bega. "Bwana, si wewe unayeitwa?"

"Ngoja kidogo, ataanguka huyu."

Alipoinua kichwa, karani alikuwa anafunika kalamu yake.

"Nipo! Nipo hapa, mheshimiwa!"

"Nimekuita mara tatu, ndugu yangu. Soko la chini limeridhia."

Shekue alisukuma mlango wa nje. Wanawake wa mboga waliinuka kwenye ngazi. Bi Nambua, aliyeuza mchicha pale tangu soko likiwa vumbi tupu, alimshika mikono yote miwili.

"Umewapasha, baba?"

Kabla Shekue hajafungua mdomo, wenzake Bi Nambua walikuwa wamekwisha kuanza kupiga vigelegele.