Pilau ya Arobaini ya Mume wa Chura

Hapo kale Fisi alikuwa mtengeneza ngozi, na maji machafu ya kazi yake aliyamwaga mtoni. Chura, jirani yake wa bondeni, alipomsihi aache, Fisi alicheka. "Maji yakishanipita si yangu tena!"

Mume wa Chura akaugua kwa maji hayo, akafa. Mjane akabaki na viluwiluwi wake mtoni, akimwomba Mungu awanusuru.

Siku ya matanga Fisi aliwatangulia wageni wote, sufuria kwapani, akilia kuliko wafiwa. Chura akampa uji. Fisi akapiga funda moja, akatema.

"Jirani, uji gani huu unanuka ngozi?"

"Wa maji yaliyokupita, jirani. Kunywa, upo mwingi."

"Na pilau?"

"Imepikwa kwa hayo hayo."

Fisi akalia tena, safari hii kwa dhati.

"Nyamaza, jirani," Chura akamfariji. "Siku ya arobaini tutapika nyingine, Mungu akijalia maji yakasafika."

Fisi hakuaga. Alikimbia kwake akachimba shimo la maji machafu, mbali kabisa na mto, mpaka akajaa udongo masikioni.

Viluwiluwi wakaota miguu. Chura akamshukuru Mungu, ambaye akipenda huwaokoa watoto wa chura kwa tumbo la fisi.