Penseli Kwenye Kitabu cha Nyimbo

Kwaya ilipoanza kuimba kwenye ibada ya mazishi, binti alifungua kitabu cha nyimbo cha marehemu mama yake, muuguzi aliyewagombeza wagonjwa wote waliochelewa kuja kupimwa. Pembeni mwa ukurasa alikuta mwandiko wa mama, nadhifu kama wa kwenye faili la wodini.

“Januari: uvimbe titi la kushoto, kama harage. Machi: kama limau. Mama yangu naye alianza hivyo hivyo. Binti yangu apimwe. Nitamwambia Jumapili, baada ya ibada.”

Jumapili ngapi zilipita?

“Mwanangu, simama usome wasifu,” shangazi alinong’ona. “Usinitie aibu mbele ya mchungaji.”

Binti hakusimama. Mkono wake ulikuwa ndani ya gauni, na vidole vimeganda mahali pamoja.