Harufu ya Sita

Mto ulikuwa umebonyea tena. Shimo la kiasi cha kichwa cha mtu, upande ule ule wa Mahdi kitandani, na marashi yake yamejaa chumba kama vile ametoka sasa hivi kutafuta kofia.

Mahdi alikuwa kaburini mwezi wa pili sasa.

Mjane wake, Alawiya, alisimama mlangoni ametoka kuoga, maji bado yanamchuruzika mikononi. Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Umekuya?"

Aliyejibu ni wifi yake, Afra, pua imetangulia mwili. "Amekuya nani? Wee umo edani. Miezi minne na siku kumi mjane hagusi manukato, na chumba chako kila asubuhi chanuka kama cha bi harusi! Wamtilia nani marashi?"

"Wallahi sijagusa."

"Basi ni jini. Jini mwenye pua nzuri."

Ukumbini, Bi Ghada, mama yake Mahdi, alikuwa amekaa, akitengeneza ushungi wake na kutafuna tambuu. Tangu mazishi hali kitu cha maana. Wali anautazama tu, samaki anamsukuma pembeni, lakini tambuu haimtoki mdomoni. Chozi lake hakuna aliyeliona.

"Chupa ya mwanangu imo kashani," alisema, "na ufunguo ninao mimi." Akagusa fundo kwenye pindo la leso.

"Basi mto ufuliwe," Afra akasema, "tuone kama harufu itarudi."

"Mto wa mwanangu haufuliwi."

"Haya. Kesho kutwa Ijumaa. Wazee wakitoka msikitini ntawaambia. Arudi kwao Siyu na aibu yake, watu wote wajue."

Alawiya ndiye aliyesema aitwe Bochaberi.

Bochaberi, mwanamke wa bara, alifanya kazi miaka sita na Mahdi kwenye maabara ndogo ya manukato hapo Amu. Marashi yale Mahdi aliyabuni mwenyewe, na kitabu chake cha michanganyo sasa alikuwa nacho Bochaberi. Alikuja na mkasi, akakata kipande cha foronya.

"Usikate kikubwa," Bi Ghada akamwambia.

"Kidogo tu, mama." Akatoa mkobani kitu chembamba kama ganda la kitunguu. "Huu utando umeloweshwa kwa chumvi ya ajabu. Iko majimaji siku zote, haigandi, haikauki, na yenyewe hainuki. Harufu zikipita hapa zinajipanga. Nyepesi inatangulia, nzito inachelewa, na mimi nakinga kila moja kwenye chupa yake. Ni kama mlango wa harusi ya wanawake, hapiti mtu asijulikane ni nani."

"Na aliyeyatia marashi?" Afra akauliza.

"Mtu akilalia mto anaacha vyake. Jasho, sabuni, mafuta ya nywele. Navyo vitapita."

"Na kama si mtu?" Alawiya akauliza.

Bochaberi akafunga mkoba wake.

Siku ile ile maabarani, chupa ya kwanza ilipoanza kupokea, harufu ikamjia puani, naye kwa mazoea akasema, "Mahdi, hebu funga huo mlango." Mlango ukajifunga. Alijiambia ni upepo. Lakini hata karatasi zilizokuwa mezani hazikutikisika.

Alhamisi alasiri alirudi na chupa sita ndogo, akazipanga kwenye sinia ukumbini.

"Hizi tano ni za kitabu cha Mahdi. Asmini, waridi, udi, zafarani, miski. Hakuna kilichopungua."

"Na mafuta ya nazi?" Afra akadakia. "Wifi yangu hujipaka nazi kitwa kizima."

"Hayamo. Wala sabuni yake. Nimerudia mara tatu."

Alawiya alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akatabasamu. "Nilijua," alisema. "Nilijua ni yeye."

"Ngoja kidogo, dada," Bochaberi akasema. Akainua chupa ya mwisho. "Iko hii ya sita. Ilichelewa sana, nzito. Kitabuni haimo, na mimi kwetu hatuna kitu kama hiki. Pengine nyinyi mtaijua."

Afra akaipokea, akanusa. Mkono wake ukashuka. Akampa Alawiya bila kumtazama.

Alawiya akanusa. Karafuu. Karafuu na jani la tambuu.

Taya la Bi Ghada lilikuwa limeacha kutafuna.

Alawiya aliingia chumbani, akautoa mto wa Mahdi, akamwekea mama mapajani.